Shajara ya Mradi wa Kutabiri Tuzo za Oscar, Msimu wa 2024–2025

11 Novemba 2024

Leo nimefungua jedwali jipya na kuliandikia kanuni tatu kabla ya kuingiza jina la filamu yoyote, kwa kuwa msimu uliopita nilianza kwa majina na nikamaliza kwa kuyatetea. Kanuni ya kwanza ni kwamba kila utabiri utaandikwa kwa asilimia. Ya pili ni kwamba asilimia ikibadilishwa, tarehe na sababu zitaandikwa pembeni, na ile ya zamani itabaki ionekane. Ya tatu ni kwamba mwishoni nitajipima kwa kipimo cha Brier, ambacho Glenn Brier alikieleza mwaka 1950 kwa ajili ya watabiri wa hali ya hewa. Nakitumia kwa namna iliyorahisishwa: nachukua pengo lililopo kati ya asilimia niliyompa mshindi na asilimia mia, nalizidisha kwa lenyewe, na jibu ndilo adhabu yangu. Mshindi niliyempa asilimia 90 ananigharimu 0.01, na yule niliyempa 10 ananigharimu 0.81. Kipimo hiki humwadhibu vikali mtu aliyekosea huku akijiamini, na ndiyo maana nimekichagua.

Oscar zina vipengele 23 msimu huu. Nimechukua vinane: filamu bora, mwongozaji, vinne vya uigizaji na viwili vya skripti. Filamu fupi nimeziacha kwa sababu hazina tuzo za awali za kutosha, yaani zile zinazotolewa na vyama na wakosoaji kabla ya Oscar, na kuzitabiri ni kupiga ramli.

Jambo ninalotaka kulijaribu ni hili: kwamba maswali matatu, yaani nani anapiga kura, anapiga lini na kura zinahesabiwaje, yanaeleza matokeo kuliko sifa za filamu na kuliko kelele zinazoizunguka. Akademi, chama kinachotoa Oscar, ina wapiga kura wapatao elfu kumi waliogawanyika katika matawi ya fani zao. Katika hatua ya uteuzi, waigizaji huteua waigizaji, waongozaji huteua waongozaji, waandishi huteua waandishi, na kila mwanachama huteua filamu bora. Katika hatua ya mwisho wote hupiga kura katika kila kipengele. Kwa hiyo hizi ni chaguzi mbili zenye wapiga kura tofauti, na kosa langu la zamani lilikuwa kuzitabiri kwa hesabu moja.

24 Novemba 2024

Nimepoteza siku mbili kwa kosa la aibu. Safu ya Chama cha Watayarishaji ilidai kwamba tangu filamu za mwaka 2009 chama hicho hakijawahi kulingana na Akademi hata mara moja, jambo ambalo yeyote anayefuatilia tuzo hizi anajua kuwa si kweli. Nilikagua fomula, nikaiandika upya, na jibu likabaki lilelile. Hatimaye nilisoma mstari mmoja kwa jicho badala ya kuiachia programu, nikakuta Birdman imewekwa ubavuni mwa The Big Short. Upande mmoja nilipanga kwa mwaka wa sherehe na upande wa pili kwa mwaka wa filamu, na kwa kuwa sherehe ya Februari 2015 ilituza filamu za 2014, kila mshindi alikuwa analinganishwa na mtu wa msimu uliofuata. Sasa ufunguo wa kila mstari ni namba ya sherehe, na ya msimu huu ni ya 97.

Baada ya marekebisho picha imebadilika kabisa. Katika misimu 15 tangu filamu za 2009, chaguo la Watayarishaji limelingana na filamu bora ya Oscar mara 12, ikiwemo sare ya filamu za 2013 waliyoitoa kwa Gravity na 12 Years a Slave. Mara tatu walizokosana ni The Big Short dhidi ya Spotlight, La La Land dhidi ya Moonlight, na 1917 dhidi ya Parasite. Nimeanzia 2009 kwa makusudi. Huo ndio mwaka Akademi ilipopanua orodha ya filamu bora kutoka tano hadi kumi na kurudi kwenye kura ya kupanga kwa mapendeleo, ambapo mpiga kura huzipanga filamu kuanzia anayoipenda zaidi, na Watayarishaji nao wakafanya vivyo hivyo. Miaka ya kabla ya hapo ni mchezo mwingine.

Chama cha Waongozaji kina historia ndefu zaidi. Tangu tuzo yake ianze mwaka 1948, mshindi wake amekosa Oscar ya uongozaji mara nane tu. Katika hizo nane, Steven Spielberg, Ron Howard na Ben Affleck hawakuteuliwa na Akademi hata kuwania, kwa hiyo walikosa kabla kura ya mwisho haijapigwa. Wa karibuni ni Sam Mendes, aliyeshinda kwenye chama lakini Oscar ikaenda kwa Bong Joon Ho.

8 Desemba 2024

Tuzo za wakosoaji zimeanza. Wa New York wamechagua The Brutalist, Bodi ya Taifa ya Uhakiki imechagua Wicked, na wa Los Angeles wamechagua Anora: ndani ya wiki moja, makundi matatu na filamu tatu. Nimeziingiza zote kwa uzito mdogo, kwa kuwa wakosoaji hawapigi kura ya Akademi. Kazi yao ni kuamua filamu ipi itatazamwa na wanachama waliolemewa na orodha ndefu ya filamu ambazo hawajaziona.

Leo pia nimefunga safu moja niliyokuwa naitegemea kuliko zote katika hatua ya uteuzi. Kuanzia 2012 hadi 2023, kila filamu iliyoshinda tuzo ya watazamaji katika tamasha la Toronto iliteuliwa kuwania filamu bora ya Oscar, miaka 12 mfululizo bila kukosa. Mwaka huu watazamaji wa Toronto waliichagua The Life of Chuck, ambayo haitoki kwenye sinema mwaka huu na kwa hiyo haistahili hata kuingia kwenye kinyang'anyiro. Safu iliyopatia mara 12 itakosea mara ya 13, na watazamaji wa Toronto hawakufanya kosa lolote. Mtu anayetazama asilimia pekee angeiweka filamu hiyo juu ya orodha. Nimeandika pembeni kwa herufi kubwa: kwanza hakikisha filamu inastahili kushindana.

17 Desemba 2024

Orodha za mchujo zimetoka kwa vipengele kumi, lakini hakuna hata kimoja kati ya vinane vyangu. Nimezisoma na kuendelea na kazi.

6 Januari 2025

Golden Globe zilitolewa jana. The Brutalist imeshinda upande wa tamthilia pamoja na Brady Corbet kwa uongozaji na Adrien Brody kwa uigizaji. Emilia Pérez imeshinda upande wa vichekesho na muziki. Demi Moore ameshinda kwa The Substance, na Fernanda Torres wa Brazil ameshinda kwa filamu ya I'm Still Here. Anora imetoka mikono mitupu.

Wapiga kura wa Globe ni wanahabari wa kimataifa zaidi ya 300, wala si watu wa Akademi, kwa hiyo Anora nimeishusha kidogo tu. Nilichokitilia maanani ni kalenda: upigaji kura wa uteuzi unafunguliwa tarehe 8, siku tatu baada ya sherehe. Hotuba ya Moore, ambamo alikumbusha jinsi mtayarishaji mmoja alivyowahi kumdharau, imesikika wakati karatasi za kura zinakaribia kufunguliwa. Nimempandisha hadi asilimia 93 ya kuteuliwa. Torres nimempandisha hadi 38 na kumwacha nje ya watano wangu, kwa hoja kwamba chama cha waigizaji kimetawaliwa na Wamarekani. Naiandika hoja hiyo hapa ili nije niisome baadaye.

11 Januari 2025

Ni vigumu kukaa na asilimia wakati moto ulioanza tarehe 7 unateketeza makazi ya watu Los Angeles. Akademi imesogeza mwisho wa kupiga kura za uteuzi na siku ya kuzitangaza, na baadhi ya wapiga kura hao ndio waliohama makwao. Nimebadilisha tarehe kwenye jedwali, na sikugusa kingine.

Orodha za Chama cha Waigizaji na Chama cha Waongozaji zilitoka tarehe 8. Waongozaji wametaja Audiard, Baker, Berger, Corbet na Mangold. Historia inaniambia kwamba kwa kawaida wanne kati ya watano hao hupita na mmoja hubadilishwa, na shida ni kujua yupi. Nimetumia jioni nzima kwenye swali hilo, nikaishia kuandika watano walewale. Huo ulikuwa uvivu wa hesabu: ukishajua kwamba mmoja ataanguka lakini humjui, jibu rahisi ni kuwaacha wote na kukubali kukosa nafasi moja.

23 Januari 2025

Majina yametangazwa leo. Emilia Pérez inaongoza kwa kuteuliwa mara 13, ikifuatiwa na The Brutalist na Wicked zenye 10 kila moja. A Complete Unknown na Conclave zina nane nane. Anora ina sita.

Nafasi zangu zilikuwa 45: filamu kumi, waongozaji watano, waigizaji 20 na skripti kumi. Nimepatia 38. Kwenye filamu bora nimepata nane; nilikosa I'm Still Here na Nickel Boys, ambazo nafasi zao niliwapa A Real Pain na Sing Sing. Waongozaji wanne: Edward Berger wa Conclave ameachwa na Coralie Fargeat wa The Substance ameingia. Waigizaji 17. Skripti tisa, na iliyonikosesha ni September 5.

Nilijisikia vizuri kwa muda wa saa moja hivi. Kisha mwenzangu anayenikagulia hesabu aliniuliza kwa upole, "Ndugu yangu, mtu asiyejua lolote kuhusu filamu, aliyenakili tu orodha za vyama, angepata ngapi?" Nikahesabu. Watayarishaji wamepatia filamu nane kati ya kumi, Waongozaji wanne kati ya watano, Waigizaji 15 kati ya 20. Jumla ni 27 kati ya nafasi 35, ukiziacha skripti. Mimi katika nafasi hizohizo nimepata 29. Miezi miwili na nusu ya kazi, jedwali lenye safu 41, na faida yake ni majina mawili. Mmoja ni Guy Pearce, niliyemweka kwa sababu Globe na BAFTA, tuzo za filamu za Uingereza, walikuwa wamemtaja ilhali waigizaji wenzake walimwacha.

Kwa hiyo sehemu yenye mafunzo ni zile nafasi zilizobadilika. Torres ameingia na Pamela Anderson ametoka. Sebastian Stan ameingia na Daniel Craig ametoka. Fargeat ameingia na Berger ametoka. I'm Still Here imeingia kwenye filamu bora. Akademi imeongeza wanachama wengi wa nje ya Marekani tangu malalamiko ya 2015 na 2016 kuhusu orodha zilizojaa waigizaji weupe watupu, na vyama vya Hollywood havijabadilika kwa kiasi hicho. Niliwapuuza wapiga kura wa Globe kwa sababu si wanachama, nikasahau kwamba wao ni wa kimataifa, na kwa hilo pengine wanafanana na sehemu hiyo mpya ya Akademi kuliko chama chochote cha Los Angeles. Hoja yangu ya tarehe 6 ilikuwa na majibu ndani yake, ila niliisoma kinyume.

La pili ni hesabu ya uteuzi yenyewe. Kwenye nafasi tano, jina hupita likifikisha kura zaidi kidogo ya sehemu moja ya sita ya karatasi zote, na kwenye nafasi kumi za filamu bora kiwango hushuka hadi sehemu moja ya kumi na moja. Hakuna haja ya kupendwa na wengi. Kinachohitajika ni kundi dogo linalokuweka namba moja. The Substance ni filamu ya kutisha yenye damu nyingi ambayo baadhi ya watazamaji hawakuweza kuimaliza, na hilo halimdhuru Fargeat hata kidogo katika hatua hii, kwa kuwa asiyempenda hana njia ya kumpigia kura ya kumkataa. Conclave ni kinyume chake: kila mtu anaiheshimu, lakini huenda waongozaji wachache mno walimweka Berger kileleni.

1 Februari 2025

Maandishi ya zamani ya Karla Sofía Gascón, mwigizaji mkuu wa Emilia Pérez, mitandaoni yamefukuliwa, na kampeni ya filamu hiyo imeingia matatani. Swali la mradi ni namna ya kuingiza habari kama hii kwenye jedwali ambalo halina safu ya kashfa. Kwanza nilitaka kubuni kizidishio, nikaacha, kwa sababu namba niliyoitunga usiku mmoja haina tofauti na maoni yaliyovishwa koti. Nimeishusha filamu hiyo kutoka asilimia 14 hadi 4 kwa mkono, na kuandika pembeni "hukumu ya mwandishi, si ya hesabu".

Hata kabla ya hapo, wingi wa uteuzi haukuwa unanishawishi. The Power of the Dog iliteuliwa mara 12 ikashinda moja, na msimu huohuo CODA iliyoteuliwa mara tatu ilishinda zote tatu, filamu bora ikiwemo, bila kuteuliwa kwa uongozaji wala uhariri. Kuteuliwa mara nyingi huonyesha filamu yenye mavazi, muziki, sauti na vipodozi vya kuonekana.

9 Februari 2025

Mambo yamegeuka ndani ya siku mbili. Ijumaa usiku Critics Choice, tuzo za wakosoaji, walitoa filamu bora kwa Anora, na jana Watayarishaji na Waongozaji, waliofanya sherehe zao usiku mmoja, wote wawili wameichagua filamu hiyohiyo. Filamu iliyotoka Globe bila kitu sasa ina saini za vyama viwili vyenye historia nzuri kuliko vyote jedwalini. Nimeipeleka kutoka asilimia 27 hadi 66, na mwongozaji wake Sean Baker kutoka 35 hadi 74. Ilishashinda Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la Cannes, mwezi Mei, heshima ambayo Marty na Parasite ziliibeba hadi kwenye filamu bora.

Upigaji kura wa mwisho unafunguliwa tarehe 11 na kufungwa tarehe 18. Leo nimejaribu kuuelewa kwa mikono, kwa sababu fomula yangu ya mapendeleo ilikuwa inatoa majibu nisiyoweza kuyaeleza. Nilikata vikaratasi 20 na kuviandikia filamu nne tu kwa mpangilio wa upendeleo. Kwa chaguo la kwanza nilizigawa hivi: Anora saba, The Brutalist sita, Conclave tano, Wicked mbili. Inayoshinda ni filamu itakayofikisha 11, yaani zaidi ya nusu. Wicked ni ya mwisho, inaondolewa, na vikaratasi vyake viwili vinahamia kwenye chaguo lao la pili, ambalo nililiandika kuwa Conclave. Sasa Anora ina saba, Conclave saba, The Brutalist sita. The Brutalist inaondolewa. Vikaratasi vyake sita vikiwa mkononi mwangu ndipo nilipoona kwamba uchaguzi wote umo humo. Vinne vikienda Conclave na viwili Anora, Conclave iliyoanza ya tatu inashinda kwa 11 dhidi ya tisa. Vikienda kinyume, Anora inashinda kwa hesabu ileile.

Nilivigeuza mara kadhaa mezani. Swali ambalo jedwali langu halijawahi kuuliza ni hili: mtu aliyeipenda The Brutalist kuliko zote anaweka nini namba mbili? Nadhani anaweka Anora. Zote mbili ni filamu za waongozaji wa kujitegemea waliofanya kazi kwa bajeti ndogo na waliojiandikia skripti zao, na mpenzi wa aina moja huelekea kupenda ya pili. Conclave ina wapenzi wa aina nyingine. Hayo ni makisio, lakini ni makisio kuhusu jambo linaloamua.

17 Februari 2025

BAFTA jana wameichagua Conclave kuwa filamu bora, Corbet kuwa mwongozaji, Brody mwigizaji bora wa kiume, na Mikey Madison wa Anora mwigizaji bora wa kike. Hilo la Madison ndilo lililonishtua, kwa kuwa Moore alikuwa ameshachukua Globe na Critics Choice.

Nimempunguza Moore kutoka asilimia 64 hadi 48 na kumpandisha Madison hadi 40. Torres ana 11, na asilimia moja iliyobaki nimewaachia wengine wawili. Anora kwenye filamu bora imeteremka hadi 63. Conclave haijateuliwa kwa uongozaji, na tangu Oscar zianze kutolewa mwaka 1929 ni filamu sita tu zilizoshinda bila uteuzi huo: Wings, Grand Hotel, Driving Miss Daisy, Argo, Green Book na CODA. Hata hivyo tatu kati ya hizo sita zimetokea tangu filamu za 2012, na kwa hiyo kizuizi hicho hakina tena nguvu ya zamani.

24 Februari 2025

Sherehe ya Chama cha Waigizaji ilifanyika jana. Conclave imeshinda kwa kundi zima la waigizaji, Timothée Chalamet amemshinda Brody, na Moore amemshinda Madison. Kieran Culkin na Zoe Saldaña, wa vipengele vya waigizaji wasaidizi, wameshinda tena kama walivyoshinda kila mahali. Mistari yao miwili nimeacha kuitazama.

Nimekuwa nikibishana na nafsi yangu kuhusu tarehe. Kura za Oscar zilifungwa tarehe 18, siku tano kabla ya sherehe hii, kwa hiyo hakuna mpiga kura wa Akademi aliyeshawishika na ushindi wa Moore wa jana. Tuzo ya awali ina kazi mbili, kushawishi na kuashiria, na hii imebakiwa na ya pili tu. Lakini kuashiria nako si kitu kidogo, kwani chama hicho kina wanachama zaidi ya laki moja na tawi la waigizaji ndilo kubwa kuliko yote ya Akademi. Dalili ya mvua ni mawingu, hata kama mawingu yameonekana baada ya mvua kunyesha upande wa pili wa mlima. Nimempandisha Moore hadi 62 na kumshusha Madison hadi 27.

Kwa Brody sikufanya hivyo. Nimemwacha kwenye 66. Nikiulizwa kwa nini nilimtetea yeye na si Madison, jibu ni kwamba Brody ana tuzo tatu kati ya nne kubwa, na Moore naye ana tatu kati ya nne. Hesabu ni ileile.

Asilimia za mwisho nimezifunga leo usiku: Anora 61, Baker 74, Brody 66, Moore 62, Culkin 95, Saldaña 90, skripti asilia kwa Anora 64, skripti iliyotoholewa kwa Conclave 88.

3 Machi 2025

Nimepatia saba kati ya vinane. Anora imeshinda filamu bora na jumla ya tuzo tano, nne kati yake zikiwa za Sean Baker kwa kutayarisha, kuongoza, kuandika na kuhariri, jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kulifanya kwa filamu moja. Brody ameshinda. Madison ameshinda.

Adhabu za vipengele saba nilivyopatia, zikijumlishwa, ni 0.4918. Adhabu ya mstari mmoja wa mwigizaji bora wa kike, kwa kuwa nilimpa mshindi asilimia 27, ni 0.5329. Mstari huo umenigharimu kuliko mingine yote saba ikiwekwa pamoja, na ningeuacha kama ulivyokuwa tarehe 17, wakati Madison alipokuwa na 40, ungenigharimu 0.36. Nilikuwa karibu zaidi na ukweli kabla ya kuongeza taarifa ya mwisho.

Nimeurudia mstari huo kuanzia filamu za 2018. Katika kipindi hicho, kabla ya msimu huu, Chama cha Waigizaji na BAFTA walitofautiana mara nne kuhusu mwigizaji bora wa kike, wote wawili wakiwa na mtu anayewania Oscar. Glenn Close dhidi ya Olivia Colman: akashinda Colman, chaguo la BAFTA. Viola Davis dhidi ya Frances McDormand: McDormand, wa BAFTA. Michelle Yeoh dhidi ya Cate Blanchett: Yeoh, wa Waigizaji. Lily Gladstone dhidi ya Emma Stone: Stone, wa BAFTA. Tatu kwa moja, na sasa nne kwa moja. Upande wa wanaume msimu wa filamu za 2020 ulitoa picha hiyohiyo, pale Chadwick Boseman, aliyekuwa amefariki, alipochaguliwa na Waigizaji, Anthony Hopkins akachaguliwa na BAFTA, na watayarishaji wa sherehe wakaipanga tuzo hiyo iwe ya mwisho usiku ule, kisha akatajwa Hopkins ambaye hakuwepo ukumbini.

Yote haya yalikuwa kwenye jedwali langu tarehe 24. Tatizo ni kwamba uzito wa Chama cha Waigizaji niliupata kwa kujumlisha miaka yote tangu tuzo yake ianze katikati ya miaka ya 1990, wakati Akademi ilikuwa ndogo na ya Kimarekani zaidi. Kwenye filamu bora nilikuwa nimekata historia mwaka 2009 kwa sababu kanuni za kuhesabu zilibadilika. Kwenye uigizaji sikuikata popote, ingawa waliobadilika huku ni wapiga kura wenyewe. Mifano mitano ni michache, na sitajenga nyumba juu yake, lakini uzito wa BAFTA kwenye vipengele vya uigizaji nimeupandisha ukawa sawa na wa Waigizaji.

22 Aprili 2025

Akademi imetangaza kanuni za msimu ujao, na mbili zinaugusa mradi. Ya kwanza ni kwamba mwanachama atatakiwa awe ametazama filamu zote zinazowania kipengele fulani ndipo aruhusiwe kupiga kura ya mwisho katika kipengele hicho. Hilo laweza kupunguza wapiga kura kwenye vipengele vyenye filamu zisizotazamwa sana, na laweza kudhoofisha majina yaliyokuwa yakishinda kwa umaarufu. Nimefungua safu ya kuandika filamu ndefu na ngumu kutazamika, nikiwa bado sijui niipe alama ya kujumlisha au ya kutoa.

Ya pili ni kipengele kipya cha upangaji wa waigizaji, kitakachofikisha vipengele 24. Wapangaji hao wana tawi lao ndani ya Akademi, kwa hiyo najua nani atateua. Washindi wa nyuma wa kulinganisha hakuna. Mstari wake nimeuweka chini ya skripti, nikajaza namba ya sherehe, 98, na seli nyingine zote za mstari huo ziko wazi.